Kumkumbuka Namba Saba: Maneno Yaliyosemwa Uwanjani Chumbi

(Maneno haya yalisemwa mwaka 2025 mbele ya wanakijiji, wanafunzi na wageni huko Chumbi, wilayani Rufiji, siku ya mchezo wa kumkumbuka mwalimu na mwanasoka aliyefariki dunia Novemba 2024. Yaliandaliwa na wachezaji wenzake wa shule ya sekondari, yakasomwa na mmoja wao kwa niaba ya wote. Kwa ombi la familia, jina la marehemu halikuandikwa. Tunayachapisha karibu yote kama yalivyosemwa.)

   Tunawashukuru kwa kutupokea tangu jana usiku, kwa wali na samaki mliotupa, na kwa kutupatia nafasi hii ya kusema kabla mpira haujaanza, maana baada ya mpira hakuna mtu anayesikiliza hotuba.

Sisi tuliosimama hapa mbele yenu, wenye matumbo haya mnayoyaona, zamani tulikuwa timu. Tunayo picha ya mwaka 1995, imepigwa mbele ya bweni, tuko kumi na sita pamoja na mwalimu wa michezo. Leo tumefika tisa. Wengine wako mbali kikazi, wawili ni wagonjwa, na wanne wametangulia mbele ya haki. Huyu tuliyemjia leo ni wa nne. Pale kwenye picha amechuchumaa mstari wa mbele, wa mwisho upande wa kulia, na amefumba macho kwa sababu jua lilikuwa linampiga usoni. Jezi yake ni namba saba. Tulimwita hivyo hivyo, Namba Saba, hata madarasani, hata walimu. Nyinyi hapa mlimwita Mwalimu, na sisi tulipozoea kuja kumtembelea tuliona ajabu kidogo kusikia watoto wakimwita kwa heshima namna ile mtu ambaye sisi tulikuwa tukimfukuza bwenini kwa kupiga mpira usiku.

Alipoingia kidato cha kwanza mwaka 1993, Kibiti ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Rufiji, na kutoka hapa Chumbi kwenda shuleni kwetu, upande wa Kibiti, haikuwa safari ya kupanda basi na kushuka. Vijana wa leo mnaliona Daraja la Mkapa kama kwamba liliumbwa pamoja na mto. Daraja lile, lenye urefu wa karibu kilometa moja, lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake kulikuwa na pantoni pale Ndundu. Pantoni likiharibika mnangoja. Maji yakijaa mnangoja. Na barabara ya upande huu wa kusini, kutoka Ndundu hadi Somanga, kilometa 60 tu, lami yake ilikuja kukamilika zaidi ya miaka kumi baada ya daraja. Wakati wa masika malori yalikuwa yanalala kwenye matope siku mbili, siku tatu, na abiria wakipika ugali pembeni ya barabara. Kwa hiyo Namba Saba alikuwa akifika shuleni siku mbili kabla ya sisi wengine tuliotoka karibu, kwa kuogopa kuchelewa. Anafika na tope hadi magotini, begani amebeba mchele wa nyumbani kwenye mfuko wa salfeti, na neno la kwanza anauliza kama mpira umeshajazwa upepo.

Mwaka 1996 tulikwama wote. Tulikuwa tumevuka kuja kucheza mechi ya kirafiki upande wa Muhoro, tukafunga, tukafungwa, tukala, na wakati wa kurudi tukakuta pantoni limekufa injini. Lori letu likabaki pale ng'ambo na sisi tukiwa juu yake. Jioni ikaingia, mbu wakaja kama moshi, na viboko wakaanza kukoroma majini. Wengi wetu tulikuwa watoto wa mjini au wa milimani, tulikuwa hatujawahi kumsikia kiboko. Yeye ndiye aliyetupanga. Alituhamisha kutoka njia ya wanyama, akawasha moto, akaenda kwa ndugu zake wa mbali (upande huu kila mtu alikuwa ndugu yake) na kurudi na sufuria ya wali na kambare wa kukaushwa. Usiku kucha alitueleza mambo ya bondeni: kilimo cha mlau, jinsi mahindi yanavyopandwa maji yanapoondoka na kuiacha ardhi na rutuba yake, na jinsi mtu anavyolala juu ya dungu kulinda mpunga usiliwe na ndege mchana na nguruwe usiku. Alitueleza pia jinsi babu yake alivyohamishwa kutoka bondeni wakati wa Operesheni Rufiji, mwishoni mwa miaka ya 1960, akaletwa huku juu, na jinsi mzee yule alivyoendelea kushuka shambani kwa miguu kila msimu, kwa sababu, alisema, nyumba inaweza kuhamishwa lakini tope haliwezi. Tulikuwa na umri wa miaka kumi na minane, kumi na tisa. Hatujui kama alikuwa anatufundisha au alikuwa anatuondolea hofu. Pengine yote mawili.

Sasa tuseme kidogo kuhusu mpira wake, maana wapo hapa vijana wanaodhani kwamba wazee wao walikuwa wakicheza chandimu tu.

Alikuwa winga wa kulia mwenye mguu wa kushoto. Siku zile mchezaji aliyekuwa akisifiwa kwa kukimbia pembeni ni Edibily Lunyamila wa Yanga, na Namba Saba alikuwa akimwiga mpaka mwendo wa kutembea. Hatukumwona Lunyamila kwa macho, tulimsikia tu kwenye redio, Radio Tanzania Dar es Salaam, wakati watangazaji kama Charles Hilary wakitupa picha ambayo hakuna televisheni iliyoweza kuizidi. Kwa hiyo alikuwa anamwiga mtu ambaye hajawahi kumwona, kwa kufuata maneno. Tuliwahi kumcheka kwa jambo hilo. Lakini mbio zake zilikuwa za kweli. Timu nzima tulikuwa na jozi sita za njumu, na zilikuwa zinagawiwa kwa kuangalia nani anazihitaji zaidi; yeye alikataa kabisa, akasema zinampunguzia kasi. Akacheza pekupeku hadi tulipokwenda kwenye mashindano ya shule za mkoa wa Pwani, ambako ilikuwa ni lazima kuvaa.

Jambo moja ambalo tungependa makocha waliopo hapa walichukue. Straika wetu, ambaye amesimama hapa na ambaye leo ni mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa mfupi. Bado ni mfupi. Krosi za juu zilikuwa zinampita kichwani. Mwalimu wa michezo alitaka kumbadilisha. Namba Saba hakubishana na mwalimu. Alikwenda kwenye mwembe uliokuwa nyuma ya jiko, akachora mstari wa mkaa usawa wa goti, na kwa muda wa kama wiki tatu, kila baada ya chakula cha mchana, akawa anapiga mpira kutoka pembeni mpaka uguse ule mstari. Baada ya hapo krosi zake zilikuwa zinakuja chini, kwa kasi, na yule mfupi alikuwa anazimalizia kwa mguu kabla mabeki warefu hawajainama. Alifunga mabao kumi na moja mwaka ule. Magazeti yangekuwepo yangeandika jina la mfungaji. Sisi tuliokuwepo tunaujua ule mwembe.

Alikuwa Yanga damu. Shuleni mabweni yalikuwa yamegawanyika kama nchi nzima ilivyogawanyika. Mwaka 1993, akiwa bado mgeni wa kidato cha kwanza, Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF na kufungwa mabao 2-0 na Stella ya Abidjan, hapo hapo Dar es Salaam. Wanazi wa Simba bwenini kwetu walikataa kula. Yanga wakaanza kuimba. Yeye alichukua sahani yake akaenda kukaa na wale waliofiwa, akala kimya kimya mpaka nao wakaanza kula. Alipoulizwa na Yanga wenzake kwa nini anawasaliti, alijibu kwamba maharage yalikuwa yanapoa. Ndivyo alivyokuwa, ukitafuta maneno makubwa kwake hukuyapata.

Baada ya kidato cha nne alisoma ualimu, akarudi kufundisha shule ya msingi huku huku kwao. Ninyi mnayajua mambo haya kuliko sisi, kwa hiyo tutapita haraka. Mliojenga madarasa naye wakati wa MMEM, tangu mwaka 2002, mnakumbuka ada ilivyofutwa na watoto walivyofurika, darasa moja likawa na watoto waliotosha madarasa matatu. Kipindi hicho hicho, mwanzoni mwa miaka ya 2000, michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, ilisimamishwa kwa miaka kadhaa kwa hoja kwamba inaharibu masomo, kabla ya kurudishwa. Kwa maoni yetu ulikuwa uamuzi mbaya, na tunadhani kuna wachezaji wa Taifa Stars ambao hawakupatikana kwa sababu yake. Yeye hakuandika barua kwa mtu. Alisema mashindano ndiyo yaliyosimamishwa, hakuna aliyesema watoto wasikimbie jioni. Akaendelea.

La wasichana lilikuwa gumu zaidi, na tunalisema mbele ya wazee kwa sababu wazee wenyewe ndio waliolimaliza. Alipoanzisha timu ya wasichana, baadhi ya wazazi walikwenda kwa mwalimu mkuu, wengine kwa shekhe. Yeye alikwenda nyumba kwa nyumba. Aliuliza kila mzazi anataka mtoto avae nini, naye akakubali: suruali ndefu, mtandio, shati la mikono mirefu. Timu ile ilikuwa na mavazi ya kila aina, na mama mmoja alishona suruali kumi na moja kwa kanga zake. Mwaka 2010 Twiga Stars walipofuzu kucheza fainali za Afrika kule Afrika Kusini, alibeba redio yake hadi darasani. Leo baadhi ya wasichana wale wana watoto wao, na tumeambiwa wawili kati ya watoto hao watacheza mchana huu.

Mwezi Aprili 2024, mto ulipofurika na maji kuingia Muhoro na vijiji vya bondeni, watu walipanda huku juu na magodoro, kuku na wagonjwa wao. Kuhusu bwawa la Julius Nyerere na mafuriko yale mmesikia mengi, na hapa si mahali pake. Tunachotaka kusema ni kwamba tulipompigia simu siku zile hakuwa na muda wa kuzungumza. Alikuwa anapokea watu, anaorodhesha watoto ili wasipoteze masomo, anagombana na mtu kuhusu maturubai. Usiku analala saa tatu au nne. Sauti yake ilikuwa imechoka, lakini alicheka, akasema amerudi kucheza pembeni, mbio tu hakuna kupumzika.

Ndugu zetu, sasa tunafika mahali ambapo tulimwomba shemeji yetu ruhusa kabla ya kusema. Alifikiri siku moja, akatuambia tuseme, tena tuseme yote.

Katika siku zile za mafuriko wahudumu wa afya walikuwa wakiwapima watu. Naye akapimwa, kwa utani tu, ili kuwahamasisha wazee waliokuwa wanaogopa mashine. Presha yake ilikuwa 180 kwa 110. Presha ikifika 140 kwa 90, na ikirudia hivyo kwa vipimo zaidi ya kimoja, hiyo tayari ni ya juu. Akapewa vidonge na kuambiwa arudi. Akameza mwezi mmoja, akapimwa tena, ikawa imeshuka. Alifurahi sana. Akaacha vidonge. Alimwambia mke wake kwamba dawa ni za wagonjwa na yeye hajisikii kuumwa. Mtu anayekimbia na watoto kila jioni ataumwaje moyo? Mke wake alimbembeleza. Mwezi Julai akamnunulia vidonge kwa fedha za ufuta, akaviweka juu ya redio ili avione. Vilikutwa hapo hapo Novemba, pakiti moja haijafunguliwa.

Alianguka alfajiri akijiandaa kwa sala. Mdomo ulikuwa umevutika upande mmoja, mkono wa kulia haunyanyuki, maneno yanatoka kama ya mtu mwenye usingizi. Majirani wakaja. Wakasema ni upepo, amekanyaga pabaya, kwa mtu aliyepatwa na upepo sindano ni hatari. Akaitwa fundi. Siku ile ikapita na usiku wake, na siku ya pili ikapita. Siku ya tatu ndugu mmoja aliyetoka Ikwiriri alifika na gari, akamchukua kwa nguvu hadi hospitali. Alifariki usiku ule. Alikuwa na umri wa miaka 47.

Hatukuja hapa kumtukana fundi wala jirani. Waliofanya vile walimpenda, na baadhi yao wamekaa mbele yetu sasa hivi. Wala hatusemi kwamba angefikishwa mapema angepona. Daktari tuliyemuuliza alituambia wazi kwamba kiharusi kingine kinaua hata mlangoni pa hospitali. Lakini alisema pia kwamba saa za mwanzo ndizo zenye thamani, na kwamba mgonjwa wa kiharusi anayelazwa nyumbani bila uangalizi mara nyingi hufa kwa mambo yanayozuilika: chakula au maji kumpalia na kuingia mapafuni, presha kuachwa ipande yenyewe. Zile siku mbili Namba Saba hakupewa mpira.

Wazee wetu, mnakumbuka degedege. Sisi tulikuwa watoto, lakini tunakumbuka. Mtoto akikakamaa na kugeuza macho watu walisema ni ndege, ni shetani, na hospitali ilikuwa mwiko kwa sababu sindano ingemmaliza. Leo mama yeyote hapa anajua kwamba degedege nyingi ni malaria kali iliyopanda kichwani, na anakimbilia zahanati. Nani aliwabadilisha? Si kelele wala matusi. Wilaya hii ya Rufiji iliwahi kujulikana duniani kwa jambo hilo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, katika vijiji vya kaskazini ya mto, kulikuwa na watu wa Ifakara waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba mara tatu kwa mwaka kuuliza nani amezaliwa, nani amefariki na amefariki kwa ugonjwa gani. Wengine walichoka na maswali yao. Sisi wenyewe tuna shangazi aliyekuwa akijificha jikoni akiwaona na daftari. Lakini kwa hesabu zile wilaya ilianza kupeleka fedha na dawa kule ambako vifo vilikuwa vingi, malaria ya watoto kwanza, na katika muda wa miaka mitano hivi, hadi 2003, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano katika eneo lile vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hayo yalifanyika hapa hapa kwetu, si Ulaya. Watu waliotoka kwenye ndege wa degedege hadi kwenye chandarua wanaweza kutoka kwenye upepo hadi kwenye kipimo cha presha.

Na tuwaambie wanasoka hasa, maana ugonjwa huu unatudanganya sisi kuliko wengine. Mwili wenye mbio haumaanishi mwili mzima. Mwaka 1979 Hussein Tindwa wa Simba alianguka uwanjani Dar es Salaam, timu yake ikicheza na Racca Rovers ya Nigeria, na hakuinuka. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka kule Lyon, Ufaransa, mwezi Juni 2003, dunia nzima ikitazama. Desemba 2016 kijana wa Mbao, Ismail Mrisho Khalfan, alianguka Kaitaba, Bukoba, katika mchezo wa timu za vijana. Hao waliangukia uwanjani wakiwa vijana, na ya ndugu yetu yalikuwa ya mishipa ya kichwa, akiwa mtu mzima. Hayafanani kitabibu. Yanafanana katika jambo moja, kwamba asubuhi ya siku ile hakuna aliyewatazama akasema hawa ni wagonjwa.

Presha haiumi. Hapo ndipo ilipomshinda. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya juu hawajui kwamba wanayo. Na msidhani kiharusi ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006, na kuchapishwa mwaka 2010, ulikuta Dar es Salaam ina visa vya kiharusi vingi kuliko nchi nyingi zilizoendelea, na hata Hai, vijijini, havikuwa vichache. Dawa zake ni za kumeza kila siku, ujisikie vizuri usijisikie, kama mchezaji anavyofanya mazoezi hata wiki isiyo na mechi. Chumvi ipunguzwe, tunajua tunaongea na watu wa samaki wa chumvi, lakini ipunguzwe. Na mkimwona mtu mdomo umekwenda upande, mkono mmoja umelegea, maneno hayaeleweki, msimlishe wala kumnywesha kitu. Mlazeni kwa ubavu, tafuteni chombo, bajaji, pikipiki ya kumshikilia katikati, lori la mkaa, chochote kinachokwenda hospitali. Anayetaka kusoma dua asome njiani. Shekhe ametuambia asubuhi hii kwamba hilo halina ubaya, na ametutuma tuseme kwamba ni yeye aliyesema.

Tumalizie na mambo ya familia, kwa kifupi, kwa sababu shemeji hapendi yazungumzwe sana. Watoto ni wanne. Wawili wakubwa wanajitegemea. Wa tatu yuko kidato cha pili na wa mwisho darasa la sita. Ada ya sekondari ilifutwa mwaka 2016, lakini sare, madaftari, chakula cha bweni na nauli havikufutwa. Sisi tisa, pamoja na watatu walioko mbali, tumekubaliana kuchangia kila mwezi kwa njia ya simu mpaka yule mdogo amalize kidato cha nne. Mweka hazina wetu ni golikipa, kwa sababu katika timu nzima ndiye pekee aliyezoea kushika kitu kisipite. Daftari la michango limeachwa kwa shemeji mwenyewe. Asiyetoa ataonekana, na huko Rufiji kuna watani watakaomkumbusha msibani kwake.

Kuhusu mchana wa leo. Wauguzi wawili wamekaa chini ya ule mwembe wenye kivuli, wana mashine mbili. Kupima ni bure. Tunaomba wanaume waanze, maana akina mama huwa wanapima kila wanapopeleka watoto kliniki, na sisi ndio tunaojificha. Wakongwe wote tulipimwa asubuhi kabla ya chai. Kati yetu tisa, watatu presha ilikuwa juu. Mmoja imekuwa juu kiasi kwamba muuguzi amemkataza kucheza, na ndiye huyo mtakayemwona ameshika kibendera, amekasirika, msimtanie sana.

Mchezo wa wasichana unaanza saa tisa. Wa wakongwe saa kumi na nusu, dakika ishirini ishirini, kwa amri ya muuguzi. Tulikusudia kuiacha jezi namba saba ikae juu ya kiti. Shemeji amekataa. Amesema nguo ya mtu aliyekuwa anapenda kukimbia haiwekwi kitini. Kwa hiyo ataivaa kijana wa kidato cha tatu ambaye Mwalimu alimfundisha kupiga krosi za chini, na kwa kuwa hatuna uwezo wa kumfuata, tumemwomba asimamesimame kidogo atungoje.